Chaza Wanene wa Pembeni

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Alhamisi, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko? Shemeji je, mgongo umemwachia? Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa akili sina hakika, mimi hasa.

Mama hajambo, ila analalamika kwamba ukipiga simu unaongea naye kama karani, mara umekata. Mimi nimeona niandike, maana haya nikiyasema kwa simu nitalia, na ukuta wetu unaujua ulivyo mwembamba.

Unaikumbuka ile pembe ya maji ya kina kifupi, jirani na karakana ya mashua? Siku hizi tunahamishia huko vikapu vya chaza wiki tatu kabla ya kuuza. Maji ya pale yana joto, chaza hushinda wamefungua makombe wanakula, wananenepa upesi. Mwaka huu joto limezidi. Ukitumbukiza mkono asubuhi unadhani ni maji ya kuogea. Wadogo wengi walikufa, ila waliobaki walinona kuliko miaka yote, nasi tukafurahi, wajinga sisi.

Akaja mtaalamu wa maabara, yule tunayemwita Miwani, akaomba chaza ishirini wa kupima. Akasema tumpe wowote tu. Unamjua Mama, mgeni hampi chaza konda. Tukamchagulia vibonge wa pembeni, tukawasugua kwa brashi, tukawapanga kwenye sahani ya wageni. Majibu yamekuja: madini ya risasi na shaba yamepita kiwango. Tumezuiwa kuuza mpaka tupimwe upya, na Mama anasema Miwani hana adabu.

Miwani alinieleza mara mbili na bado sijamwelewa sawasawa. Eti rangi kuukuu zinazokwanguliwa kwenye mashua huingia majini, na maji yakipata joto chaza huchuja maji mengi zaidi, basi hunasa madini mengi zaidi. Joto lenyewe nalo huwachosha. Nikamuuliza, sasa chaza mzima nitamjuaje? Akanijibu, "Kwa macho hutamjua, dada." Nami miaka kumi na tisa kazi hii naifanya kwa macho.

Sasa nifike kwenye lile ninaloogopa kuliandika. Mdogo wetu mimba yake ina miezi saba. Tangu ilipofika miezi mitatu kila akila anatapika, isipokuwa chaza. Nilikuwa nambandulia mwenyewe kila jioni, na nilimchagulia wa pembeni. Miwani anasema risasi humfikia mtoto tumboni na kumdhuru. Jumatatu nilimpeleka kwa mkunga akatolewa damu, nikamdanganya kwamba ni kipimo cha kawaida. Majibu ni kesho.

Dada, nimechanganyikiwa. Mara najiambia sikujua, mara nakumbuka kwamba harufu ya rangi niliinusa pale kila siku. Sijui nimkasirikie fundi mashua, au jua, au mkono wangu huu. Juzi aliniomba chaza, nikasema wamekwisha. Alininunia mpaka usiku, nami nikaona afadhali aninunie.

Leo asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta kitandani anakunja nguo za mtoto, nikamweleza yote, hata uongo wa kipimo. Kisha akauliza kama na mimi niliwala wale wa pembeni. Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa nakula wadogo wa maji ya kina kirefu, wale wazuri nilikuwa namwekea yeye.

Alichukua kifulana kimoja kwenye lundo akanipa nikikunje, tukakunja wote mpaka zikaisha.

Kesho tunakwenda kwa mkunga pamoja. Barua hii itakapokufikia, nyinyi na sisi tutakuwa tumeshajua, na mimi sasa hivi sijui lolote. Usipige simu kesho, nitapiga mimi nikiweza kuongea.

Nisalimie Shemeji, wabusu mapacha, na wifi yako wa ghorofa ya chini usimsahau. Mungu awafunike kwa rehema zake, na huyu ambaye bado hatujamwona amfunike zaidi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa sijielewi.