Barua Niliyoisoma Ofisini kwa Majigambo

Mpendwa Mama Benedikta, shikamoo, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha maana hata chakula hakinipiti. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwenye sekondari moja huku Bariadi vijijini, na mwaka mzima nimewaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waache kukariri, wafikiri wenyewe, na wasipokubaliana nami waniandikie kwa Kiingereza na watoe sababu, basi wiki mbili zilizopita nikakuta barua mezani kwangu, kurasa mbili, Kiingereza safi, nikafurahi mno mama, nikakimbilia ofisi ya walimu nikaisoma kwa sauti, nikiringa kwamba hawa ndio watoto wa wakulima wa pamba mliosema hawataweza, na kumbe nasikiliza Kiingereza tu, sisikilizi wanachosema, mpaka nikaona mkuu wa shule ameweka kikombe cha chai chini.

Walikuwa wanaomba tuondoe kibao, kile kipande cha mbao anachovishwa shingoni anayekutwa akiongea Kisukuma au Kiswahili, na wakaandika kwamba mmoja wao, msichana, alitembelewa na bibi yake aliyemletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akapiga goti getini akamwamkia "Mwangaluka," akavishwa kibao palepale, bibi akauliza hicho ni nini, mtoto akajibu ni zawadi ya kufanya vizuri darasani, na bibi akapiga vigelegele.

Mkuu anataka jina la mtoto huyo, asimamishwe masomo kwa kuidhalilisha shule. Barua haikumtaja, wala haikumtaja aliyemvisha kibao. Mimi namjua, mama, kwa sababu aliyemvisha ni mimi. Mkuu anasema nisipotoa jina kabla mwezi haujaisha basi mchochezi ni mimi, na kazini bado sijathibitishwa. Nifanyeje?

Mwalimu M., Bariadi

Marahaba, mwanangu. Pole, na nasema pole ya kweli, maana umewafundisha watoto kufikiri na wamefikiri kweli, na hilo si walimu wengi wanaoliweza.

Sasa kaa nikuseme. Uliinadi barua ya watoto kama ng'ombe mnadani, ukaisifia mbele za watu, na hukuisoma. Ungeisoma kwanza peke yako ungejikuta humo, ukanyamaza.

Jina la huyo binti lisitoke kinywani mwako. Wala usidanganye kwamba humjui. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu, ofisini kwake, si mbele ya walimu wenzako, umwambie kwa upole kwamba unamjua na hutamtaja, kwamba kibao ulimvisha wewe na kuandika uliwaagiza wewe, kwa hiyo kama kuna wa kuitwa kwenye kikao aanze na wewe. Kazi unaweza kuikosa, sikufichi. Lakini ukimtaja, utaingiaje tena darasa lile kuomba maoni? Nani atakunyooshea mkono?

Halafu wajibu. Barua iliandikwa kwako, wewe ukaniandikia mimi! Yangu nimeijibu siku ileile iliponifikia, yao ina wiki mbili. Kama una sababu za kutetea kibao, zitoe kwa Kiingereza kama ulivyowataka wao. Kama huna, kiri, na uweke sahihi yako.

Binti muombe radhi, kwa Kisukuma. Kisha mtafutie zawadi halisi, kamusi au kitabu kizuri, umkabidhi mbele ya darasa kwa kufanya vizuri, bila kuitaja barua, akamwonyeshe bibi yake. Ule uongo pale getini aliusema kukusitiri wewe, na wewe ndiye wa kuufanya uwe kweli.