Nyanjige, Maksai Wako Hawachinjwi

Mwaka umezunguka, Mama Rhoda, tangu Novemba ile ya 1997 ulipofumba macho hapa kwetu Mwamapalala, mvua ikinyesha mpaka waliochimba kaburi wakawa wanachota maji kwa ndoo. Hata siku ya kuzikwa ulitusumbua. Barabara ya kwenda Bariadi haikupitika, na ndugu zako wa Migato walifika wamekunja suruali, viatu mkononi.

Mimi mama mkwe wako ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote, maana wengine wakifika mstari wa pili wanalia. Mimi nimeshalia, sasa nimechoka, na nina maneno na wewe.

Ulikuwa mbishi, mwanangu. Kila marehemu anaandikwa kuwa alikuwa mpole. Wewe hatutakusingizia.

Mwanangu Zengo, mumeo, alipokwenda machimboni Geita na kuoa hukohuko, nilikuambia rudi kwenu, hakuna atakayekulaumu. Ukanijibu, "Nikafanye nini, mayu, mama yangu? Pamba yangu iko hapa." Mwaka huohuo trekta la ushirika lililokuwa likitulimia likaacha kuja. Tulipouliza tukaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee. Wenye waume wakafunga maksai wao. Wewe mume huna, maksai huna, una watoto watatu na jembe la mkono.

Ndugu zako wakakupa ndama dume wawili. Tulidhani utawanenepesha uwauze. Kumbe! Walipohasiwa na kupona, ukawavisha nira, ukawafunga gogo nyuma, ukaanza kuzunguka nalo uwanjani kutwa nzima, mwanamke peke yako, vumbi mpaka kwenye kope. Shida, jirani yetu, akawaita wenzake kisimani: "Jamani, njooni muone! Nyanjige amepata waume wawili!"

Ukamjibu bila kugeuka, "Na hawa hawalewi, dada."

Nilitaka kujificha. Halafu majina uliyowapa! Soko na Huria. Nikakuuliza, ng'ombe gani wanaitwa hivyo? Ukasema, "Si tuliambiwa soko huria litatufaa? Basi litalima."

Na ubaya ulianzia hapo. Wenzako wanalima kwa fimbo na mluzi. Wewe ulilima kwa maneno. Ulishika plau ukaongea kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho: mtoto wa nani ana homa, mnunuzi gani wa pamba ana mzani wa uongo, Zengo ameota kitambi. Hata mimi ulinisengenya kwa ng'ombe, nilisikia kwa masikio yangu. Ukinyamaza kunywa maji, nao wanasimama. Nilikuonya kwamba unawadekeza. Ukacheka.

Hukulima shamba lako tu, ingekuwa afadhali. Ulianza na la Dorkasi aliyefiwa, likafuata la Benedikta aliyeachwa, lako likawa la mwisho kila mwaka, magugu yakikusubiri. Nikisema, unasema, "Langu haliendi popote, mayu." Mume wa Shida alipougua, ukalima na kwa Shida. Nilisubiri umkumbushe habari ya kisimani. Hukumkumbusha! Mimi ningemkumbusha kila tuta.

Sasa sikia ulichotuachia.

Matanga yalipokwisha, shemeji yako Mashimba alikuja na kamba. Alitaka awauze maksai mnadani awe ajenti wa pamba, anunue kwa wakulima kama vijana wengine wanavyofanya siku hizi. "Nyanjige alitolewa mahari," akasema. "Alichoacha ni cha ukoo."

Nikamwambia, "Mahari ilikwenda Migato, Mashimba. Hawa wametoka Migato. Hujui hata wanakopita ng'ombe?"

Ni mwanangu wa kumzaa, lakini alinipita mlangoni kama mgeni. Rhoda wako alisimama pale akiitazama kamba. Tangu tukuzike mtoto huyo alikuwa hasemi. Ukimwita anakuja, ukimtuma anaenda, mdomo umefungwa.

Mnadani mnunuzi akataka kuwajaribu kwanza. Mashimba unamjua, mtu wa fimbo, maneno yake kwa siku hayajazi kikombe. Akachapa. Soko akalala chini. Akachapa tena, Huria naye akalala, na nira shingoni. Mnada mzima ukacheka. Mnunuzi wa pili akaja, wakalala. Jioni aliwarudisha, akatupa kamba uani: "Mama, hawa si ng'ombe! Wanataka kuongeleshwa kama wakwe!"

Mvua za kupandia zilikuwa zinapita, Mama Rhoda. Shamba halijaguswa. Asubuhi Rhoda akawafunga mwenyewe, mimi nikashika kamba mbele. Hawakutoka. Tukavuta, hawakutoka. Nikaanza kuwasimulia habari za kanisani, wakaniangalia tu. Rhoda akasimama nyuma ya plau. Halafu akasema, taratibu sana, "Soko. Mama hayupo."

Wakaondoka.

Akaongea tuta zima. Akawaambia ulivyougua, ulivyoomba uji ukashindwa kuumeza, alivyokuwa anakukasirikia kwa kufa. Mimi mbele nilikuwa sioni ninapokanyaga. Siku ile alirudi nyumbani sauti imekauka, akaniomba chakula kwa mdomo wake. Tangu hapo haishi kuongea. Amekuwa wewe. Kichwa kinaniuma.

Dorkasi naye ana ndama wake sasa, anawaburuzisha gogo na kuwapigia kelele za habari zake, Benedikta anamfuata. Mtaa huu hauna amani tena, na mwenye kosa umelala.

Mwezi uliopita Mashimba akaitisha kikao cha kumbukumbu yako. "Mtu wa heshima hakumbukwi kwa maharage," akasema. "Tuchinje Soko. Huria peke yake hatalima, tuchinje na yeye. Watu wale, washibe, wamsifu marehemu." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nyama ina ushawishi. Rhoda akanitazama mimi.

Nikasema, "Nimewavumilia tangu asubuhi. Mnataka kumheshimu huyu mwanamke kwa kula mikono yake? Mimi ndiye mkubwa katika boma hili, na nimekataa. Anayetaka nyama akachinje ng'ombe wake." Mashimba akauliza, wageni watasema nini? Nikamwambia watasema wamekula maharage.

Basi ndugu, jamaa na marafiki mnaarifiwa: ibada ya kumkumbuka Nyanjige itakuwa nyumbani Mwamapalala, Jumamosi, saa tisa alasiri. Msije asubuhi. Asubuhi Rhoda atakuwa na maksai shambani kwa Dorkasi, na hawezi kuwaacha katikati ya tuta kwa ajili ya kupokea wageni. Kutakuwa na wali, maharage, na michembe ya viazi vitamu iliyopikwa kwa karanga.

Unakumbukwa na wanao Rhoda, Keneth na Evalina. Mama mkwe wako Kwandu. Kaka zako wote wa Migato. Wenzako Dorkasi, Benedikta na Shida. Na shemeji yako Mashimba, ambaye shamba lake linalimwa Jumatatu, baada ya kuja kumwomba Rhoda mwenyewe, kwa maneno mengi.

Hatutakusahau, Nyanjige, maisha yetu yote. Umehakikisha hatuwezi.