Mikono Nyuma

Chanzuru, Kilosa
6 Januari 2024

Mdogo wangu Vaileth,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, kifua cha shemeji yako Zabron kimepungua, mvua zipo na magugu ndiyo yanatushinda shambani. Wewe je, na huko Mikumi kwenu?

Simu ninayo, ila nikipiga nitalia tu na salio liishie humo. Bora niandike.

Fabiola nimekukabidhi kwa sababu wewe ni damu yangu. Mwingine nisingempa. Mtoto wa miaka minane, hasikii hata radi, na shule ya hapa walimkalisha nyuma mwaka mzima kama gunia. Sasa wewe umesomea kufundisha viziwi, nasema Mungu amenijibu.

Ila uzijue alama zetu, asipate shida. Akijipapasa tumbo ni njaa, hilo halihitaji fundi. Akipuliza kiganja, anaogopa. Akigusa ndewe ya sikio la kushoto, ananiita mimi. Unakumbuka langu lilivyochanika, hereni iliponasa kwenye mzigo wa kuni tukiwa wasichana. Hilo ndilo jina langu, Vaileth, na hana lingine la kuniitia. Alilianza mwenyewe akiwa mdogo, mimi napepeta mchele, nikaacha ungo nikalia kwa furaha.

Ukiona amegusa sikio, mwambie mama anakuja.

Dada yako,
Costancia


Mikumi
17 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shemeji anaendeleaje na kifua? Sisi hatujambo, ila tembo wamekula mahindi yote ya shule na mlinzi alikimbilia juu ya tangi la maji. Mpaka leo tunamtania.

Dada, Fabiola anaendelea vizuri, hutaamini! Kitengo chetu cha viziwi hapa shuleni kina watoto kumi na mmoja na mwalimu niko peke yangu, lakini yeye ananipa moyo. Ana rafiki, Monica, hawaachani. Anacheka.

Wiki za mwanzo alilia, sitakuficha. Zile alama za nyumbani tumeziweka kando. Kwenye mafunzo tulielekezwa hivyo: mtoto akiachiwa alama za kwao, hatajifunza lugha ya alama yenyewe, atabaki na mtu mmoja tu wa kuongea naye duniani. Kwa hiyo akifanya ya nyumbani hatumjibu. Anaweka mikono nyuma mpaka akumbuke ya shule. Si adhabu, ni utaratibu, na watoto wote wanaufuata.

Sikio aligusa sana mwanzoni. Sasa ameacha. Siku hizi anasema mama kwa alama ya shule, kama wenzake.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Vaileth


Chanzuru
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima wa mwili.

Kwanza ahsante. Mtoto amekuja likizo amenenepa, anajifulia, mikono inakwenda mbio kama ya fundi cherehani. Lakini anaongea na nani hapa? Baba yake anatabasamu tu. Mimi nasimama mbele yake kama mgeni aliyepotea njia.

Siku ya Jumanne mtoto aliniuliza kitu. Nikampa uji, hapana. Nikampa khanga, hapana. Nikamwonyesha njia ya chooni, weee, akakasirika! Kisha akarudia polepole, mkono mmoja mmoja, akinionea huruma. Mwanangu, ananionea huruma mimi! Sikuelewa. Akaenda nyuma ya banda la kuku akakaa anaongea na mikono yake mwenyewe.

Nilimfuata nikagusa sikio. Akaangalia chini.

Vaileth, nifundishe. Nina miaka arobaini na moja, sijawa jiwe. Nichoree kwenye karatasi, nitazikariri kama nilivyokariri mafundisho ya kipaimara. Sitaki ualimu. Nataka kuongea na mwanangu.

Dada yako,
Costancia


Mikumi
11 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mavuno yamekwenda salama. Huku baridi imeisha, vumbi tu.

Barua yako imeniuma. Ila lugha ya alama haichoreki, dada. Mkono unatembea, na uso nao unasema. Ukijifunza vibaya utamchanganya, na kazi ya nusu mwaka itaharibika. Mkuu wa shule ameomba semina ya wazazi, huenda ikawa Desemba. Naomba uvumilie.

Na nilikuwa nafikiri, hiyo Desemba abaki huku kwangu, asije akasahau. Usinune. Ni wewe uliyenifundisha kusoma kwa mkaa ukutani kwetu. Sikusomea kazi hii nije nikunyang'anye mtoto.

Mdogo wako,
Vaileth


Chanzuru
21 Oktoba 2024

Vaileth,

Hujambo. Sisi tupo.

Nilikuja huko Alhamisi. Jirani yetu Anselmi alikuwa anapeleka vitunguu kwa gari, nikapanda naye. Nilibeba ndizi mbivu, nikasema nitawashtukiza.

Nilisimama dirishani. Ulikuwa unaandika ubaoni, umetupa mgongo. Nikamwona mwanangu anaongea. Sijawahi kumwona hivyo tangu nimzae. Anasimulia, wenzake wanacheka, mmoja anamkatiza, naye anamjibu hapohapo. Ana maneno, Vaileth! Ana maneno mengi! Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Halafu akageuka akaniona. Nikagusa sikio.

Mkono wake ulipanda. Naapa ulipanda, ulifika shingoni. Kisha akakutazama wewe. Akaushusha. Akaweka mikono yote miwili nyuma, akasimama vilevile ananitazama, na machozi yanamtoka.

Mwanangu anaomba ruhusa kwa mwalimu ili aniite.

Ningeingia, lakini ningeingia nimwambie nini, na kwa mikono ipi? Ndizi niliziacha kwa mlinzi. Sikumwambia zimetoka kwa nani.

Costancia


Mikumi
3 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Zile ndizi nilikula mbili, dada, sikujua ni zako. Barua ilinikuta ofisini, nikatoka nikasimama pale dirishani uliposimama wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda semina ya walimu wa vitengo. Mkufunzi alikuwa mwingine, si yule wa mwanzo. Nilimuuliza mbele ya wote habari ya alama za nyumbani. Akasema tulielekezwa vibaya. Mtoto anaanzia na zile za kwao, mwalimu anamwongezea, hamnyang'anyi. Alilisema kwa upole tu, akaendelea na mada nyingine. Mimi sikusikia tena kitu mpaka jioni. Mafunzo yetu yalikuwa wiki sita, dada. Wiki sita, nikarudi najiona mtaalamu, na dada yangu mwenyewe nikamwambia avumilie.

Niliporudi nilimwita Fabiola, nikagusa sikio langu. Akaweka mikono nyuma. Nikamwambia inaruhusiwa, ni nzuri, nilikosea mimi. Akanitazama kama namtega. Nimejaribu kila siku tangu hapo, na kila siku mikono inakwenda nyuma.

Namleta Jumamosi, tarehe kumi na sita. Tafadhali uwepo. Nitakufundisha zote, sitaondoka mpaka ujue. Nisamehe.

Mdogo wako,
Vaileth


Chanzuru
10 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba.

Mlete. Nitakuwepo, nitakwenda wapi? Zabron amesema atachinja jogoo.

Nimekusamehe, ingawa uchungu haujaisha, na sijui utaisha lini. Hukukusudia. Ulifanya ulivyofundishwa, na aliyekufundisha sijui alifundishwa na nani.

Lakini naomba kitu. Usimwambie tena aguse sikio. Alikatazwa akalia, akajizoeza kuacha, na sasa anaambiwa arudie. Ni mtoto, ataona tunamchezea. Mwache.

Wewe nifundishe ile ya shule, ile mama ya watoto wote. Nitaizoea. Nikimwona anaifanya nitaitika, hata kama kila mama duniani anaitwa hivyo hivyo. Ile yangu basi tena.

Jumamosi utanikuta nimefunga kilemba nimekishusha mpaka chini ya masikio, na joto lote hili. Usicheke, na usiniambie nikivue. Sitaki aingie uani, aone sikio langu, halafu ageuke kukutazama wewe kwanza.

Dada yako,
Mama Fabiola