Mkono Uliokataa Kuachia Bunduki

Jumamosi, Garissa, baada ya Asri. Joto la leo lilikuwa la kumkalia mtu kifuani. Hata wale korongo wakubwa wa jalalani walikuwa wamesimama tu midomo wazi, hawagombanii kitu. Nimeoga mara mbili na bado nanuka baruti.

Bega la kulia limevimba, magoti yamechunika. Nimelala chali sakafuni kwa sababu godoro lina joto, simu iko juu ya tumbo, naandika. Nacheka peke yangu, halafu machozi kidogo, halafu nacheka tena. Jirani akinisikia atafikiri nimepatwa na kitu.

Leo ilikuwa siku ya mchujo.

Kwa anayesoma hapa bila kunijua: mimi ni konstebo, mzaliwa wa Griftu, kule Wajir. Kazi yangu ni kusindikiza mabasi kwenye barabara ya Wajir, na Jumapili kulinda lango la kanisa hapa mjini. Walipotafuta watu wa timu ya mashindano ya bunduki tatu nikaandikisha jina langu bila hata kuuliza ni mchezo gani. Nilidhani unalala kwenye mkeka, unalenga karatasi, unapigiwa makofi, unarudi nyumbani.

Kumbe ni mbio. Unapiga shabaha za mbali kwa bunduki ndefu, unakimbia mchangani, unaiacha ndani ya pipa mtutu ukiangalia chini. Unaparamia ukuta wa mbao. Ng'ambo unakuta bunduki ya marisau mezani, unaangusha vibao vya chuma, nayo unaiacha kwenye pipa la pili. Unaburuta gunia la mchanga lililonizidi uzito. Hapo ndipo unachomoa bastola, na mikono yako imeshakuwa uji. Wakati wote huo saa inakuhesabia, na mwamuzi anakufuata nyuma akitafuta kosa la usalama. Ukigeuza mtutu kule waliko watu, umetoka, na hakuna cha samahani.

Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya vichaka vya mathenge. Mimi, niliyelelewa na jua la Wajir, nikatapika mbele ya watu waliotoka Nyeri na baridi yao. Walikuwa na adabu, waliangalia pembeni.

Hooyo, mama yangu, alipiga simu jioni ile kutoka soko la mifugo. Akaniuliza kama serikali imekosa magari mpaka sasa bunduki zinakimbizwa kwa miguu.

Ningeacha siku hiyohiyo, wallahi, kama nisingemwona Sajini Guyo akituonyesha njia.

Sajini Guyo ndiye mkufunzi wetu. Ni Mborana, ana kitambi, na siku za kawaida anatembea kama mtu anayetafuta kiatu kilichopotea. Alikohoa, akafunga kamba za viatu, akaanza. Sijui niseme nini. Vibao vilikuwa vinalia kabla sijaona ameinua bunduki. Hakuwa na haraka hata kidogo, ila kila nilipotazama alikuwa ameshafika mbele. Mwili wote ule mzito ukawa hauna uzito. Nilisahau kufunga mdomo, nikala vumbi.

Lakini si kulenga kulikonishika. Ni pale kwenye pipa. Alifika mbio, akafunga kufuli ya usalama, akaiweka bunduki ndani vile mama anavyoweka kibuyu cha maziwa kilichojaa, akaondoka bila kugeuka. Hakugeuka. Bunduki ikabaki pale peke yake, kimya, na yeye ameshaipa mgongo.

Mimi sijawahi kuona kitu kama hicho. Huku kwetu bunduki haiachwi.

Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Nilipofika pipani siku yangu ya kwanza kukimbia njia nzima, nilipita. Nilipita kabisa, nikaitupia bunduki mgongoni kwa mkanda wake, nikaparamia ukuta nayo. Mtutu ukageuka kuwaangalia wenzangu wote waliokuwa nyuma. Watu walilala chini kama mvua ya mawe imeanza. Sajini Guyo alinishusha ukutani kwa kunishika mshipi, kama mbuzi aliyepanda mahali pabaya.

Nikafikiri ni pupa ya mgeni. Nikajaribu tena siku nyingine, nikajiambia kwa sauti: pipa, pipa, pipa. Nikafika. Nikasimama. Nikafunga kufuli, nikashusha mtutu ndani ya pipa, vidole vikakataa kufunguka. Nilisimama pale nimeshika bunduki iliyo ndani ya pipa, saa inakimbia, watu wananitazama. Nilikuwa naiamuru mikono yangu mwenyewe na haisikii. Sajini alisubiri, akasubiri, akaizima saa.

"Dada, wewe hapana mbaya," akaniambia. "Lakini Jumamosi ukibeba tena hiyo kitu, mimi nakutoa. Hata ukipiga chuma yote."

Nilimweleza Naomi tukiwa zamu. Naomi ni mwenzangu wa barabarani, mtu wa Kitui, mcheshi, na anaimba vibaya. Nilitarajia anicheke. Hakunicheka.

"Wewe si mwoga," akasema. "Hukuwa na mtu wa kumpa."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima, maana ni kweli tupu. Bunduki yangu huwa inatoka mkononi mwangu mara mbili tu. Jioni, ghalani, namkabidhi mtunza silaha. Na wakati wa sala.

Basi likisimama njiani kwa ajili ya Adhuhuri, abiria wanashuka na vibirika vyao vya maji, na sisi askari Waislamu tunaswali kwa zamu. Mimi namkabidhi Naomi bunduki. Anasimama nyuma yangu, moja begani na moja mkononi, uso kwenye vichaka. Kila mara ananiambia neno lilelile: "Nenda ukaswali, niko nayo." Nami navua viatu, naingia kwenye mkeka, napeleka paji la uso mchangani. Kwenye barabara ambayo kuna watu waliwahi kushushwa basini na magaidi, wakaulizwa dini yao kabla ya kuulizwa jina, mimi nainama nimefumba macho, kwa sababu mwanamke wa Kitui mwenye msalaba shingoni amesimama nyuma yangu.

Nimefanya hivyo miaka mingapi bila kulitazama jambo hili? Nilikuwa naona ni utaratibu wa kazi. Wiki hii nililitazama, nikaogopa vile mtu anavyoogopa akitazama juu usiku wa Wajir, nyota zote zile na yeye yuko chini yake na blanketi moja.

Basi leo.

Naomi alikuja siku yake ya mapumziko, akasimama nyuma ya kamba na watazamaji wengine, mwavuli wa maua mkononi, soda mkononi. Nilisukuma vizibo vya masikio ndani ya hijabu, nikasoma Bismillahi, saa ikalia.

Shabaha za mbali zilikwenda sawa. Moja ilinisumbua, nikairudia, ikalia. Nikafunga kufuli, nikakimbia. Mchanga ule hauna huruma, unakurudisha nyuma kila unapokanyaga. Nikaliona pipa. Nikaona jinsi lilivyo tupu, wala hakuna mtu kando yake, na vidole vikaanza kukaza vyenyewe kama juzi. Sajini Guyo alikuwa nyuma yangu na saa yake. Nilimsikia akihema. Nilijua nikipita hapa nayo atanitoa, nibaki kuwachotea wenzangu maji.

Nikashusha mtutu ndani. Mkono umekwama.

Ndipo sauti mbaya ya kuimba ikatoka kule kwenye kamba, ikapita hijabu, ikapita vizibo.

"Nenda! Niko nayo!"

Hakuwa nayo. Alikuwa mbali, na mwavuli. Hangeruhusiwa hata kukanyaga upande ule. Lakini mkono ulifunguka. Sikuufungua mimi, naapa, ulifunguka wenyewe, kama unavyofunguka barabarani. Niliisikia bunduki ikigusa kitako cha pipa, sauti ndogo tu, na tayari nilikuwa nimeipa mgongo. Nilikimbia mikono mitupu. Hewa ilipita katikati ya vidole. Tangu niajiriwe sijawahi kukimbia mikono mitupu nikiwa kazini, na ule ukuta niliuparamia kama mtoto anayeiba embe.

Ya marisau ilinipiga bega mpaka nikaona vitone. Gunia nililiburuta nikikaa chini, nikiinuka, nikikaa tena, nikisema maneno ambayo Hooyo hayajui. Bastola nilikosa zaidi ya nilivyopata. Muda wangu ulikuwa wa aibu, walionizidi ni wengi, na konstebo mmoja wa kutoka Bura alimaliza mapema kiasi kwamba nilipofika mwisho alikuwa anakula tikiti maji.

Sajini Guyo akakagua bastola, akaangalia pipa la kwanza, akaangalia la pili. Akajikuna kitambi.

"Wewe pole pole sana," akasema. "Lakini mkono safi. Utaenda."

Nikaenda hadi kwenye kamba. Nilitaka kumwambia Naomi mambo mengi, yote haya niliyoyaandika hapa. Nikainywa soda yake yote, naye akaninung'unikia kwamba ilikuwa imebaki nusu na sasa hana hata nauli ya boda. Tulirudi mjini boda moja, mwavuli ukafunguka wenyewe njiani, karibu utuangushe.

Timu inaondoka wiki ijayo. Huko kutakuwa na pipa jingine na waamuzi nisiowajua, na Naomi hatakuwepo, atakuwa barabarani na mtu mwingine. Je, mkono utafunguka? Sijui. Nitalisema lile neno mwenyewe, kwa sauti yake mbaya, nione.

Bado nashangaa. Kumbe miaka yote nilikuwa najifunza kuachia, na mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, kwa hiyo sikumwona.

Naomi ametuma ujumbe sasa hivi. Anasema nisichelewe asubuhi, zamu yetu ni ileile, na mchungaji ameombwa afupishe lakini hatafupisha.

Kesho ni Jumapili. Naomi ataingia kuabudu, na mimi nitasimama langoni na bunduki mbili.