Chumvi ya Arobaini

Fundi Jumaa,

Sikukuzika. Nianze na hilo, maana ndilo linaloniuma. Habari ilifika Arua ukiwa umeshalazwa kaburini huko kwenu Dranya, na mimi nilikuwa ndani ya mtaro wa kiwanda cha pamba, nikilaza ile waya ya simu uliyoiacha nusu. Nilikaa chini humo humo mtaroni. Halafu nikaendelea kuchimba. Wewe ungefanya hivyo pia.

Waya imefika sasa, kutoka chumba cha mizani hadi nyumba ya injini. Lakini nyapara aliyekuja baada yako aliuona ule wavu wa shaba unaoizunguka, unaozuia kelele za injini zisiingie kwenye simu, akaniamuru niufunge ardhini pande zote mbili. "Mbili inashinda moja, Othieno."

Nilijua si kweli. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilo hilo, simu ikavuma kama mzinga wa nyuki, nawe ukacheka: "Wewe mutu ya Tororo, umepatia kelele barabara ya kuzunguka. Funga uku tu. Uku acha." Nilijua, Fundi. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliye mbali na kwao hapendi kugombana na nyapara. Nikafunga pande mbili.

Siku injini ilipowashwa, mashine ilinasa mkono wa shati la Adriko, yule mlishaji pamba anayeimba ovyo. Karani wa mizani akapiga simu: "Zima! Zima!" Kwenye injini, mwendeshaji wake Taban alisikia mvumo tu. Shati lilichanika, ndiyo maana Adriko bado ana mkono. Si mimi niliyemwokoa. Ni shati bovu.

Sikuomba ruhusa. Nilikwenda nyumba ya injini nikakata kiungo cha upande ule, nyapara akitazama. Nikamwambia, "Ukitaka nifukuze, lakini hapa hapafungwi tena." Hakunifukuza.

Mvumo ukapungua, haukuisha. Nikajua ni ile fimbo ya shaba uliyoichomeka ardhini nje ya chumba cha mizani, wavu unapofungwa. Kiangazi hiki udongo umekauka kama tofali, haupokei ile kelele. Wewe ulikuwa ukiumwagia maji ya chumvi. Siku hizi chumvi haionekani dukani, watu wanachuja majivu watie kwenye mboga.

Unakumbuka Mama Zainabu alivyokuwa akikufokea nyumbani kwako pale Awindiri? "Jumaa, watoto wanakula bila chumvi, wewe unapikia shimo?" Nami nikijifanya natengeneza baiskeli.

Basi nilikwenda kumpa pole. Yumo ndani ya eda, tukaongea yeye akiwa nyuma ya pazia. Nikamsimulia ya Adriko, na ya udongo mkavu. Chumvi sikuthubutu kuitaja. Kisha mkono ukatokea kando ya pazia, umeshika kopo la chumvi.

"Hii iko ya arobaini yake," akasema. "Peleka kwa shimo. Wageni watakula hivyo hivyo."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Niliikoroga kwenye maji, nikatia makaa ya kusaga, nikamwaga polepole kama ulivyonionyesha, mpaka ardhi ikaacha kunywa. Injini ikawashwa. Nikainua simu ya chumba cha mizani. Ulikuwa ukisema laini nzuri ni ile unasikia mutu anapumua kabla hajasema. Nilimsikia Taban akipumua, na injini ikinguruma kando yake.

Pamba ikiisha nitapanda lori nije Dranya, nisimame kaburini kwako. Kabla ya hapo nakuahidi mambo mawili. Nyapara yeyote atakayekuja, upande wa injini utabaki wazi. Na kopo la Mama Zainabu litarudi limejaa kabla ya arobaini, hata ikibidi niifuate chumvi ng'ambo ya mpaka kwa miguu. Wageni wako hawatakula chakula chapwa.

Pumzika, Fundi. Laini iko kimya.

Othieno