Wimbo wa Kwetu Haupigwi Hapa

Saint Paul, Minnesota
Tarehe 28 Septemba 2025

Yaya Bernardine mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe dada yangu mkubwa. Mgongo unaendeleaje? Huko Bukavu mnalala salama? Sisi tuko wazima, ila baridi imeanza, na nyumba iko kimya tangu mke wangu Goretti apewe zamu ya jioni hospitalini.

Yaya, kuna jambo la binti yetu Maombi. Jumanne timu ya wasichana ya shule yao ilicheza kandanda ugenini. Nilikwenda peke yangu, nikakaa katikati ya wazazi nisiowajua. Wimbo wa taifa wa Amerika ulipoanza, wote walisimama, mkono kifuani. Nami nikafanya vivyo hivyo, maana bendera ile ilitupokea tulipokuwa hatuna pa kwenda.

Kutazama uwanjani, Maombi ameziba mdomo kwa kiganja, na vidole viwili vya mkono wa pili ameviweka pembeni ya kichwa kama bastola. Wewe unaijua ishara hiyo ya wachezaji wetu wa Kongo: watu wa mashariki wanauawa, dunia imenyamaza. Aliifanya kwa ajili ya marehemu kaka yetu Rigobert, aliyeuawa huko. Lakini pale nani angejua? Mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Arudi kwao!" Sikugeuka. Nilibaki na mkono kifuani.

Baada ya mechi kocha, mama mpole, alimwita. Nikasogea.

"Huu ni wimbo wetu," akamwambia. "Ishara yako ungeiweka kwa ajili ya wimbo wa kwenu."

"Wimbo wa kwetu haupigwi hapa," Maombi akajibu.

Kocha akamshika bega, akaenda zake.

Ndani ya gari Maombi akaniomba, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nimwimbie wimbo wa Kongo. Nikaanza vizuri, kisha nikakwama. Wimbo wa kila asubuhi shuleni, Yaya! Najua maneno yapo kwenye simu, lakini nilitaka mtu aniimbie. Goretti alikuwa kazini, na kwenu mlikuwa mmelala. Maombi akasema kwa Kiswahili, "Papa, anza tena." Nikaanza tena, nikakwama palepale. Tukarudi nyumbani bila kuumaliza.

Alhamisi wanacheza tena. Sijamkataza ishara ile. Goretti ameomba ruhusa twende wote, hajapewa. Nitakwenda peke yangu.

Nisalimie shemeji Mugabo na Héritière. Mungu awafunike usiku na mchana, awatunze hadi tuonane uso kwa uso.

Mdogo wako akupendaye,
Mugisho