Filamu za Watu wa Kweli

Jumanne, 5 Septemba

Nimerudia filamu ya bibi dereva asubuhi nzima. Sauti yangu inakwama pale pale, bibi anapogombana na mkaguzi wa barabara. Nimekunywa tangawizi. Haijasaidia.

Filamu hii ni ya studio ile inayojulikana kwa katuni. Katuni zake kila mtoto wa hapa Kamembe anazijua. Wachache wanajua kwamba inatengeneza pia filamu za watu wa kweli. Bibi anayeendesha basi la shule. Ndugu wawili wanaomrudisha punda kwa mwenyewe. Fundi wa piano ambaye binti yake hataki muziki. Mimi napenda hizi. Hakuna anayepigwa risasi. Watu wanakosana, wanakaa na hasira zao, mwisho wanakula pamoja.

Kiingereza nilikiokota Kampala nikiwa kijana. Ndiyo kazi yangu tangu hapo: picha inatembea, sauti yao naipunguza, nasema mimi kwa Kiswahili badala yao. Jumamosi na Jumapili mchana, ukumbi wa Papa Espoir, karibu na soko. Wengine wanafasiri za vita. Mimi za familia.

Mke wangu, Maman Salma, alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Sauti ilipokwama kisu chake kilisimama. Ameisikia.

Alhamisi, 7 Septemba

Daktari wa hapa ameingiza kioo kidogo kooni. Ameangalia sana. Kuna kitu, amesema. Hakukipa jina. Niende Kigali, na wakati huu nisizungumze ovyo. Nikamwambia kuzungumza ndiyo kazi yangu. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Nimerudi kwa miguu. Sokoni walikuwa wanashusha sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Nkombo. Nimenunua, nimekaangiwa, nimekula. Sikusikia ladha.

Jumamosi, 9 Septemba

Ukumbi umejaa. Tumeonyesha ile ya punda. Sauti ya ndugu mkubwa nimeiweza. Ya mdogo haikutoka. Basi wote wawili wamezungumza kwa sauti moja. Mama mmoja wa Giheke akapaza sauti: "Sasa hapo nani anasema?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa ndivyo ilivyopaswa.

Papa Espoir, mwenye ukumbi, ametoka Bukavu zamani na bado anavaa koti hata kwenye joto. Amenishika bega mlangoni. Sauti yako imechoka, Mzee, amesema. Nimemwambia ni vumbi.

Jumatano, 20 Septemba

Kigali. Majibu ya kipande cha nyama walichonikata kooni safari ya kwanza yametoka. Ni kansa. Daktari wa huku ni mwanamke mpole, anaongea taratibu kama anayemfundisha mtoto kusoma. Kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Nitapumulia tundu shingoni. Nisipochelewa nitaishi. Nikauliza kama nitaweza angalau kunong'ona. Hapana. Hata kunong'ona.

Nikamshukuru. Nikasema nitafikiri.

Kwenye basi, ndani ya msitu wa Nyungwe, nyani walikuwa kando ya barabara. Abiria wote wakatoa simu. Mimi nikaangalia mgongo wa kiti cha mbele. Nilikuwa nangoja hofu ije. Haikuja.

Ijumaa, 22 Septemba

Baada ya swala nimemwambia Maman Salma. Alikuwa anakunja vitenge vyake vya kupeleka sokoni. Nimemwambia ugonjwa, nimemwambia dawa yake, nimemwambia sitaki. Bora nibaki na sauti yangu mpaka iishe yenyewe.

"Ikiisha, na weye utakuwa umeisha," akasema. "Mimi nitabakia na nini? Na filimu? Muntu hawezi kufa juu ya filimu, Papa Salma."

Akaendelea kukunja. Kitenge kimoja alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Binti yetu Salma amepiga simu kutoka Gashonga, kwa mume wake. Mama yake alikuwa ameshamwambia. Amelia. Nimeisogeza simu mbali na sikio. Si ukatili. Alipotulia nimemuuliza habari za maharage yao.

Jumapili, 24 Septemba

Leo ilikuwa zamu ya fundi wa piano. Naipenda kuliko zote.

Maman Salma amekuja ukumbini. Hajawahi kuja. Jumapili ni siku yake ya soko. Amekaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja zamu hospitali.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ikafika pale baba anaposimama nje ya chumba cha binti yake, mlango umefungwa, anasema na mbao. Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Nikajaribu tena. Pumzi tu. Kwenye skrini midomo ya baba inacheza, ukumbi mzima hakuna sauti. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona papa hasemi?" Papa Espoir akainuka kwenda kuzima mashine.

Maman Salma akanyanyuka. Akaja mbele, akaichukua mikrofoni mkononi mwangu.

"Mwanangu, fungua," akasema. "Sikukuya kukugombeza."

Hajui Kiingereza. Lakini filamu hii amenisikia nikiifanyia mazoezi nyumbani miaka yote, yeye akipika, akifua, akipiga hesabu zake. Anaijua kuliko anavyojua mwenyewe.

Ila hakusema kama mimi. Yule baba, kwangu mimi, anabembeleza. Kwake yeye alikuwa mtu aliyechoka, aliyetembea mbali. Picha ikabaki kwenye mlango uliofungwa, naye akauliza: "Umekula?"

Hilo halimo kwenye filamu. Akina mama wakaitikia, eeeh. Mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Akaendelea mpaka mwisho. Wakampigia makofi wamesimama. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, karibu na nyaya.

Jumatatu, 25 Septemba

Nina wivu.

Ni kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni tangu Kigali, na ni kibaya. Mke wangu aliniokoa na aibu mbele ya watu, nami nikalala nimempa mgongo. Sehemu ile nimeifasiri miaka. Hakuna aliyewahi kujifuta macho.

Asubuhi Papa Espoir amekuja. Amesimama mlangoni na koti lake, akazunguka na habari za mvua. Alikuja kumwomba mke wangu afasiri, si mimi. Maman Salma akasema, "Uliza Papa Salma." Wote wawili wakaniangalia. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Sauti imerudi kidogo jioni, kama ya mlango mkavu. Nimeitumia kumwambia nitakwenda kukatwa. Akauliza ni nini kimenigeuza.

Si ujasiri. Ni kwamba nilikuwa nimekaa nikajiuliza ile ya punda ataifanyaje. Wale ndugu wawili atawapa sauti gani. Nikataka kujua. Mtu akishazikwa hasikii.

Jumatano, 4 Oktoba

Kigali, wodini. Ni kesho.

Mchana kutwa nimefikiri neno langu la mwisho liwe lipi. Ni fikra za mtu wa filamu. Kwenye swala ya alasiri nimetamka shahada kwa sauti iliyobaki. Nikaona inatosha. Kisha nikamwita Maman Salma kwa jina lake, Mwajuma. Sijalitumia tangu Salma azaliwe. Akashtuka, akauliza kama naumwa.

Halafu upepo ukaingia. Nikasema, "Funga dirisha."

Akafunga. Akakaa. Nikatafuta kitu kingine cha kusema. Sikupata.

Basi ni hilo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Napumulia shingo. Inatoa mlio kama birika linalokaribia kuchemka. Muuguzi ananifundisha kusafisha bomba. Leo nilifungua mdomo kumwambia asante. Nilikuwa nimesahau kwamba sina sauti. Ameelewa, nadhani.

Maumivu yapo, si makali. Huzuni sijui ipo wapi. Mgonjwa wa kitanda cha pili anaongea tangu alfajiri, na mkewe, na simu, na ukuta. Namchukia.

Salma amekuja na uji kwenye thamosi. Safari hii hakulia. Amekaa kitandani akanisimulia maharage yao, na dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria, aliyemleta stendi akimweleza siasa za dunia nzima njiani. Amenisimulia mpaka nikalala. Nilipoamka alikuwa bado anasimulia, polepole, anamsimulia mama yake.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nyumbani. Majirani wanakuja. Wananiongelesha kwa kupiga kelele, kana kwamba ni masikio yaliyokatwa. Maman Salma anawaambia, "Anasikia." Kisha wote wanaangalia kitambaa cha shingoni.

Nakula uji. Nalala. Naamka.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo nimekwenda ukumbini. Nimekaa kwenye benchi, katikati ya watu. Sijawahi kukaa huko. Skrini inaonekana kubwa zaidi.

Papa Espoir amepata filamu mpya ya studio ileile, ya watu wa kweli, ila imetoka Bukavu na imetiwa Kifaransa. Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Maman Salma amekisomea Bukavu alipokuwa msichana. Wiki nzima amejifungia chumbani nayo. Alinikataza kukaa karibu na mlango.

Ni mwanamke anayerudi kwenye hoteli ya mama yake, hoteli iliyofungwa. Hayo niliyaona kwa macho. Mengine yote ameniambia yeye, mimi na ukumbi mzima pamoja.

Amekosea. Alisema kaka wa yule mwanamke ni mume wake, akajirekebisha, watu wakacheka, naye akacheka kwenye mikrofoni. Akaendelea.

Karibu na mwisho mama na binti wakakutana jikoni. Wakasimama. Picha ikawa kimya, kimya kirefu. Mimi ningekijaza. Yeye hakutia neno.

Mama mmoja wa Nkombo, kaja na boti ya asubuhi, beseni lake la sambaza miguuni, akaniinamia.

"Papa, huyu binti atabakia?"

Nikainua mabega. Sijui.

Akasogea kidogo ili nami nione vizuri. Tukangoja.